Mbungo Ulioiva kwa Siku Tano

Hapo zamani, na asiniulize mtu ni zamani ya mwaka gani, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mbwenja, kando ya msitu. Mvua za vuli zikakosa. Mvua za masika zikakosa. Vuli nyingine ikaja na wingu moja tu, likapita juu yao, likaenda kunyesha kwa watu wengine. Mtama ukakauka shambani ukiwa na urefu wa kiganja. Wakala kuku, kisha wakala mbegu. Wakala ndiga, kile kiazi cha porini ambacho usipokiloweka siku tatu kinakuua, na wapo walioshindwa kuingoja siku ya tatu.

Nawaambia haya mapema ili asije mtu akahukumu huku ameshiba. Najua mmekula. Nimesikia harufu ya samaki wa kukaanga nilipokuwa naingia.

Basi, katika msitu ule mibungo yote ilikauka, ukabaki mmoja. Mbungo mnaujua. Ni mmea usio na mgongo wa kusimama wenyewe, unautegemea mti mwenzake, unauzunguka, unapanda nao mpaka kwenye jua. Tunda lake rangi ya chungwa, ukilipasua unakuta kokwa zimevaa nyama chachu, unamumunya mpaka meno yanaingia ganzi na bado mkono unaenda kuchukua jingine. Huu mmoja uliobaki ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima. Uliupanda mvule mrefu, na mizizi yake ilifika kwenye maji ambayo mimea mingine haikuyaona.

Watu wa Mbwenja walikuwa na taratibu zao juu ya mbungo. Nisikilizeni vizuri hapa, maana kesi yote imo humu.

Mbungo haupandwi na mtu mmoja. Mmoja anapanda, mmoja anashika shina. Kabla mpandaji hajaweka mguu, mshika shina anauvuta mbungo kwa nguvu zake zote, mara tatu, na kila akivuta anasikiliza juu. Mbungo mzima ukivutwa, majani yake yanavuma kule juu. Mbungo uliooza ukivutwa, vijiti vikavu vinamwagika. Mshika shina akiridhika anatamka neno moja: "Umeshika." Neno hilo mpandaji hakuruhusiwa kujisemea, kwa sababu wazee walishaona wenye njaa wakijiambia uongo na kuuamini.

Shina la mbungo haliguswi na kisu wala shoka.

Na mpandaji akianguka akafa, yule ambaye mkono wake umemwangusha anavuka kijito. Anatoka bila moto, bila kibuyu, na hakuna wa kumpa hata tone la uji. Kifo kimoja, mtu mmoja. Hawatoki wawili. Mpaka avuke, maiti haizikwi na msitu haukanyagwi. Katika mwaka wa neema mtu huyo angefika kijiji cha pili akaanza maisha upya. Mwaka ule, ng'ambo ya kijito palikuwa na nyasi kavu na mifupa ya ng'ombe wa watu wengine. Kuvuka kulikuwa ni kufa, na kila mtu alijua.

Sasa njooni kwenye nyumba ya Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa mpandaji. Mkewe aliitwa Mwamvita. Mdogo wake, Kondo, alikuwa mshika shina. Mama yao, Bi Sikudhani, alikaa nao. Na palikuwa na mtoto wa kike, Mwanjaa, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka. Watoto walikuwa watatu. Njaa ilikuwa imechukua wawili, akabaki Mwanjaa, naye alikuwa amefika ile hali ya mtoto kuacha kulia. Mnaijua hali hiyo? Msipoijua, mshukuruni Mungu.

Watu wanne wazima, na kazi yao ilikuwa moja: Mwanjaa asife.

Bi Sikudhani alianza. Alfajiri moja alirudi nyumbani na tetere watatu ndani ya kanga. Akawachoma, Mwanjaa akanywa mchuzi, akatafuna kifua, jioni akaketi mwenyewe. Siku ya pili bibi akaleta tetere wawili. Siku ya tatu akaleta watano, akampelekea mmoja jirani wa kulia, mmoja jirani wa kushoto, na mmoja akampelekea Jumbe Chambuso, mkuu wa kijiji, amemfunika kwa jani la mgomba. Jumbe akala. Jirani wa kulia akala, wa kushoto akala. Ikawa hivyo kwa siku nyingi, mpaka karibu kila nyumba ikapata hata shingo. Hakuna aliyeuliza bibi kizee asiyeweza kutupa jiwe anakamataje ndege.

Kisha ikatokea furaha. Mbungo ukaiva. Mwezi mzima kabla ya wakati wake, na wote kwa pamoja, juu mpaka chini, kwa siku tano tu. Siku ya kwanza waliona kijani, siku ya tano waliona rangi ya chungwa imejaa mvule mzima. Wanawake walipiga vigelegele kwa midomo iliyopasuka. Jumbe Chambuso alisema, "Mungu ametuona." Majani ya mbungo yalikuwa yamepukutika, lakini nani angeshangaa? Mwaka ule kila kitu kilipukutisha majani.

Ikatolewa ruhusa ya kupanda.

Mwinshehe alifika pale chini na kikapu chake mgongoni. Mwamvita alitandika mkeka wa kupokelea. Kondo akalikumbatia shina.

"Uko sawa, mdogo wangu?" Mwinshehe aliuliza.

"Niko sawa, kaka."

Hakuwa sawa. Ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu tumboni. Kila alipopewa uji alisema amekunywa kwa rafiki yake, akaumwaga kwenye kibakuli cha Mwanjaa. Miguu yake ilikuwa inatetemeka tangu nyumbani.

Akavuta mara ya kwanza. Kimya.

Akavuta mara ya pili. Kimya.

Akavuta mara ya tatu. Kimya.

Kondo akasema, "Umeshika."

Mwinshehe akapanda. Alipanda vizuri, jamani, hata kwa njaa ile ungependa kumtazama. Akafika kwenye tawi la kwanza la mvule, akachuma, akajaza kikapu. Akashuka nacho, akamimina mkekani. Mabungo yakagongana, watu wakacheka kwa kusikia tu mlio wake. Akapanda tena, akajaza tena, akashuka mpaka usawa wa vichwa vya watu, mguu mmoja unatafuta ardhi.

Hapo Mwamvita akainua uso. "Baba Mwanjaa! Pale juu kabisa, kwenye kilele. Makubwa yale, manne. Utayaacha?"

"Mke wangu, nimechoka. Nitakuja kesho."

"Kesho yatakuwa ya nyani. Mtoto hana kesho yule. Panda, mume wangu."

Mwinshehe akamtazama mkewe, akampa kile kikapu, akapanda mikono mitupu. Akapita tawi la kwanza. Akapita la pili. Huko juu mbungo ndio uliomshika, si mvule tena. Akanyoosha mkono. Watu wakasikia mlio mkavu, kama mtu anavunja kuni, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja, na Mwinshehe akashuka na kilele chote cha mbungo mikononi mwake.

Alipogusa ardhi alikuwa ameshakufa.

Wakambeba mpaka ukingoni mwa kijito, wakamlaza kwenye mkeka, wakamfunika. Kijiji kizima kikakaa chini, hata Bi Sikudhani akaja na Mwanjaa mgongoni. Jumbe Chambuso akasimama na fimbo yake, kwa sababu kwa mila yao jumbe huielekezea fimbo mtu anayetoka. Jua lilikuwa bado juu. Maiti ilitakiwa izikwe kabla halijazama.

Watu wote wakamgeukia Kondo.

"Wewe ndiye uliyesema umeshika," jumbe alimwambia.

"Na umeshika!" Kondo akapiga kelele. "Nendeni mkalitazame shina, halijang'oka! Kaka yangu ameangushwa na matawi, hakuangushwa na shina. Mimi nimeshika shina. Mnataka nini kwangu?"

Jumbe akaenda mwenyewe. Alilizunguka shina, akapiga magoti, akapapasa upande wa nyuma, ule unaougusa mvule, chini ya usawa wa magoti. Vidole vyake vikaingia kwenye udongo. Ulikuwa udongo wa kichuguu, umekandikwa vizuri kama ukuta. Akaubandua. Chini yake palikuwa na majeraha ya kisu, moja juu ya jingine, meusi, ya siku nyingi, yamelizunguka shina karibu lote. Mbungo ulikuwa umekatwa mishipa. Ulikuwa unakufa kuanzia juu, na matunda yake yaliiva kwa haraka ya kufa. Furaha yao ya siku tano ilikuwa hiyo.

Akarudi kijitoni na bonge la udongo kiganjani.

"Nani ametia kisu kwenye mbungo?"

Akauinua udongo ule wote wauone.

"Nani?"

Bi Sikudhani aliinuka kwa kushikilia bega la mkwewe. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakinga utomvu wake. Nikauchemsha, nikafanya ulimbo, nikapaka vijiti, nikatega tetere. Kila siku utomvu ulikuwa unapungua, nami nikawa naongeza jeraha. Nilidhani mmea mkubwa vile hauwezi kufa kwa kisu kidogo cha bibi kizee. Nikauziba kwa udongo upone. Mwanangu alipopanda leo nilikuwa nyumbani namlisha mtoto. Sikuwa nimejua kama ruhusa imetoka. Lakini nawaambia ukweli: hata ningejua, sijui kama ningesema. Kusema kulikuwa ni kuvuka kijito."

Mwanamke akaua mwana aliyemzaa, kwa kisu cha kumlishia mjukuu. Niliposimuliwa hadithi hii nikiwa mdogo, hapo ndipo nilipoziba masikio. Sasa nimekuwa mtu mzima, na bado sipapendi.

Jumbe akaanza kuinua fimbo kuelekea kwa bibi.

"Ngoja, Jumbe." Alikuwa Kondo. Angeweza kunyamaza. Fimbo ilikuwa imeshamwacha. "Mama amekata, ni kweli. Lakini kuvuta mara tatu kuliwekwa kwa ajili gani? Kuliwekwa ili mbungo mbovu ujulikane kabla mtu hajapanda. Mimi nimevuta, na sikusikia jani. Nilijiambia majani yamepukutika kwa jua. Vijiti havikumwagika kwa sababu sikuvuta kitu. Mikono yangu haikuwa na nguvu hata ya kutikisa mchicha. Nilijua. Ningesema sina nguvu, angetafutwa mwingine, na nani alikuwa na nguvu? Tungerudi mikono mitupu. Nikasema umeshika. Mama alikosa akiwa hajui. Mimi nilitamka neno nikijua kwamba silijui."

"Na nguvu zako zilikwenda wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Kondo akamtazama Mwanjaa. Wote walielewa.

Fimbo ikahama kidogo.

Mwamvita alikuwa amekaa kichwani mwa maiti. Akazungumza bila kuinuka. "Shemeji amevuta vibaya, lakini mume wangu alipanda mara mbili akashuka mara mbili. Alikuwa ameshafika chini. Mguu wake ulikuwa unatafuta ardhi, mmeona wote. Aliniambia amechoka. Mimi ndiye niliyemrudisha. Ningefunga mdomo wangu, jioni hii angekuwa anamtafunia mwanawe bungo."

Kisha akawaka. "Na msidhani nasema hivi ili mnifukuze! Sitaki kwenda. Nina mtoto mmoja. Nimesema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yuko hapa anasikia," akaiwekea mkono maiti ya mumewe. "Lakini mniambie: kumwambia mume achume matunda, hilo nalo ni kosa tangu lini? Ndiyo kazi tuliyoijia."

Basi kijiji kikagawanyika.

Wengine wakasema, "Bi Sikudhani atoke. Kisu kimekatazwa, yeye ametia kisu. Bila kisu, mbungo ungekuwa mzima, mvuto dhaifu usingedhuru na kilele kisingevunjika. Tena ni mzee, amekula siku zake."

Wengine wakajibu, "Na tetere nani atawakamata? Katika nyumba ile ni yeye peke yake anayeleta kitu kila siku. Mkimtoa bibi mmemtoa na mtoto. Atoke Kondo. Mshika shina kazi yake ni moja tu, kusema kweli, na amesema uongo."

Wengine wakaruka, "Kondo? Mwinshehe ameshakufa, mwingine anayejua kupanda ni Kondo. Huenda kuna mibungo ng'ambo ya msitu, nani atakwenda kuitafuta? Atoke Mwamvita. Mtu ameshuka salama, wewe unampandisha tena kwa tamaa ya mabungo manne."

Wanawake wakaja juu, "Tamaa? Mama wa mtoto anayekufa ana tamaa? Na yule mtoto atalala kifuani kwa nani?"

Wakapiga kelele mpaka wakachoka, na watu wenye njaa huchoka haraka. Jua likawa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti. Inzi wakaanza kutua kwenye mkeka, na Mwamvita akawa anawapunga kwa kiganja.

Ndipo Bi Sikudhani akamsogelea jumbe, karibu kabisa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Jumbe, nikuulize na mimi. Ulimbo unatoka wapi?"

Jumbe akageuza uso kuelekea kijitoni.

"Wewe umezaliwa hapa. Watoto wa hapa wanajua ulimbo unatoka wapi kabla hawajajua kufunga nguo. Unatoka kwenye mbungo. Na mbungo umebaki mmoja. Nilikuletea tetere, ukafunua jani, ukawaona wana ulimbo kwenye vidole vyao. Uliniuliza?"

Akamgeukia mwanamke aliyekaa mbele.

"Wewe, mama wa pale, nilikuletea. Uliniuliza? Na wewe uliyesema nimekula siku zangu, mwanao alikula paja. Uliniuliza?" Aliwazungukia wote, mmoja mmoja, kwa kidole chake. "Mmoja wenu angeniambia, Bi Sikudhani, tumejua, acha, ningeacha. Mbungo ungepona jeraha la kwanza. Hamkusema, kwa sababu tetere alikuwa mtamu. Kama mkono ulioniangushia mwanangu ni mkono uliokula kwa kisu kile, basi kateni miti mjenge daraja, tuvuke kijiji kizima."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Jumbe akatazama fimbo yake, kisha akasema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo, "Mila inasema mtu mmoja."

"Basi hata wewe ni mtu mmoja," akajibu Bi Sikudhani.

Mwanjaa alikuwa amekaa kwenye mapaja ya Kondo, ana bungo mkononi, moja la yale ya kikapu cha pili. Alikuwa ameshalipasua mwenyewe. Alikuwa anamumunya kokwa, anatema, anachukua nyingine, na rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. Njaa ni njaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Jumbe Chambuso akainua fimbo.

Na mimi hapa nasimama. Msinitazame hivyo. Nimesimulia hadithi hii katika nyumba nyingi, na kila nyumba imegombana. Mahali pamoja mume na mke walikwenda kulala bila kusemezana. Wapo walioniambia bibi ahurumiwe, nikawauliza nani basi, wakaanza kukohoa. Wapo waliosema asitoke mtu, nami nikawakumbusha kwamba jua linazama, maiti iko juani tangu mchana, na msitu umefungwa huku watoto wa watu wakisubiri kula. Kutoamua nako kutaua mtu, tena hamtamchagua nyinyi.

Mmoja alikata bila kujua kwamba anaua. Mmoja alitamka neno bila kuwa na hakika nalo. Mmoja alimrudisha juu mtu aliyekwisha kushuka. Na wengine wote, pamoja na mwenye fimbo, walikula na wakanyamaza. Kila mmoja alifanya kwa ajili ya mtoto, isipokuwa wale waliofanya kwa ajili ya matumbo yao, na hao ndio waliokaa kuhukumu.

Haya, ikamateni fimbo. Mmoja avuke, na hatarudi. Je, nani alistahili?